Baba alitapika kwenye simuleta, taarifa inasema asiendeshe. Tuamini mashine?

SWALI

Shikamoo mshauri,

Baba yetu ana miaka 61. Miezi saba iliyopita alipata kiharusi: mshipa uliziba upande wa kulia wa ubongo, akapooza mkono na mguu wa kushoto. Mguu umerudi, anatembea bila fimbo. Mkono bado mnyonge na vidole havikazi. Anaongea vizuri, hesabu zake anazipiga mwenyewe, mpira anaubishania kama zamani. Kilichobaki ni gari, nalo ni la gia za mkono.

Kituo cha urekebishaji kilimpima kwa simuleta ya udereva: kiti, usukani, pedali na skrini tatu. Kama dakika ya 20 hivi alianza kutokwa jasho, akatapika, wakasimamisha. Tukapewa karatasi yenye maneno haya: "Ajali mbili (mwendesha baiskeli, gari kwenye makutano). Alama za pembeni zilizotambuliwa: kulia 9 kati ya 10, kushoto 4 kati ya 10. Muda wa kukanyaga breki: sekunde 1.6. Mkengeuko ndani ya njia: sm 48. Jaribio limekatishwa kwa kichefuchefu. Hashauriwi kuendesha kwa sasa."

Baba amekataa katakata. Anasema ule ni mchezo wa watoto, breki yenyewe haina uzito, na asingegonga mtu kama asingekuwa anachafukwa roho. Mama yuko upande wake. Mdogo wangu wa mwisho anataka kununua usukani wa michezo ya kompyuta ili baba ajifue nyumbani kisha arudie jaribio. Mjomba anasema tuachane na mashine, apelekwe uwanja mtupu alfajiri akajaribu gari la kweli. Mimi nimeficha funguo na sasa baba hanisemeshi.

Naomba kujua: kutapika kuna maana ubongo umeharibika zaidi? Mashine inaweza kumwonea mtu? Mazoezi ya simuleta yanasaidia kweli? Na tufanye nini kuanzia hapa?

Kifungua Mimba

JIBU

Marahaba, mwanetu.

Mmepewa karatasi yenye matokeo manne na uamuzi mmoja, na kila mtu hapo nyumbani ameshika lile linalompendeza. Matokeo hayo hayana uzito sawa. Mawili yanaweza kubishiwa, moja ni la kawaida, na moja hatuoni pa kulikwepea.

Tuanze na hizo sm 48. Kompyuta hupima mara nyingi kwa sekunde gari liko umbali gani kutoka katikati ya njia yake, kisha hukokotoa linavyoyumba kushoto na kulia. Kwa dereva mzima kwenye barabara iliyonyooka, mara nyingi namba hiyo huzunguka kati ya sm 20 na 30. Ni kipimo chepesi kuguswa: majaribio yaliyofanywa barabarani Uholanzi tangu miaka ya 1980 yalionyesha kwamba pombe ya gramu 0.5 kwa lita ya damu huiongeza kwa takriban sm 2.4 tu. Kwa hiyo 48 ni kubwa sana. Lakini ulizeni kwanza: usukani ule ulikuwa na kirungu, yaani kile kishikio kidogo kinachofungwa kwenye usukani ili mtu auzungushe kwa mkono mmoja bila kuuachia? Mtu anayetumia mkono mmoja kwenye usukani mtupu hulazimika kuuachia na kuushika upya kila anapokata kona, na kila anapoushika upya gari huyumba. Kama baba alipimwa bila kirungu, sehemu ya hizo sm 48 ni ya mkono. Haituambii lolote kuhusu akili wala macho yake.

Sekunde 1.6 za breki zisiwanyime usingizi. Dereva mzima akishtukizwa hutumia sekunde moja hadi moja na nusu hivi. Si kwamba ni jambo dogo: kwa mwendo wa km 50 kwa saa gari hupita karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 1.6 ni mita 22 kabla breki haijashika. Ila hapa malalamiko ya baba kuhusu breki yana msingi. Pedali za simuleta nyingi hupima mguu umesogea kiasi gani, ilhali breki ya gari hujibu nguvu unayoikandamiza. Kwa dakika tano hadi kumi za mwanzo karibu kila mtu hukanyaga kupita kiasi au pungufu. Ndiyo maana jaribio lililopangwa vizuri hutanguliwa na safari ya kuzoea isiyohesabiwa. Muulizeni mtaalamu kama baba alipewa safari hiyo, na kama muda ulihesabiwa hadi mguu ulipotoka kwenye mafuta au hadi ulipofika kwenye breki. Ni vipimo viwili tofauti, na tofauti hiyo hueleza kama tatizo liko kwenye kuona na kuamua au kwenye mguu wenyewe.

Ajali mbili zinategemea saa. Simuleta huandika kila tukio na dakika yake. Ombeni kumbukumbu hiyo, ukurasa mmoja hautoshi. Kama alimgonga mwendesha baiskeli dakika ya 6 na jasho likaanza dakika ya 18, hoja ya tumbo imekufa. Kama zote mbili zilitokea dakika mbili za mwisho, baba ana haki ya kurudia. Angalieni pia zilitokea upande gani.

Sasa hizo alama za pembeni. Katika jaribio hili, alama hutokea kwenye skrini za pembeni wakati mtu anaendesha, naye hutakiwa kubonyeza kitufe au kuwasha indiketa mara anapoiona. Kulia 9, kushoto 4. Breki nyepesi haiwezi kuleta tofauti hiyo, mkono mnyonge hauwezi, na kichefuchefu hakichagui upande. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kinaweza. Hapo ndipo tatizo lilipo, na hapo ndipo nguvu na fedha zenu zielekezwe.

Kuna sababu mbili zinazoweza kuleta tofauti hiyo, na tiba zake hazifanani. Ya kwanza ni sehemu ya kushoto ya upeo wa macho kukatika: jicho lenyewe ni zima, ila ubongo haupokei picha ya upande ule. Mtu wa namna hii mara nyingi hujua anapungukiwa, na hujifunza kugeuza kichwa. Ya pili ni ubongo kupuuza upande wa kushoto. Picha inafika, lakini haihesabiwi, na mwenyewe hajui kwamba kuna kitu amekikosa. Hii ndiyo ya hatari zaidi kwenye usukani, kwa sababu mtu hageuki kutazama upande ambao kwake hauna kitu. Wengine wana zote mbili.

Mchunguzeni nyumbani bila kumtega. Je, huacha chakula nusu ya kushoto ya sahani? Hunyoa shavu la kulia vizuri kuliko la kushoto? Bega la kushoto hugonga fremu ya mlango? Anaposoma, huanzia katikati ya mstari? Humjibu haraka anayemsemesha kutoka kulia na kumchelewesha wa kushoto? Andikeni mnachokiona na mkipeleke kituoni, maana vipimo vya karatasi kwenye chumba tulivu hupitwa na mtu ambaye barabarani, mambo yakiwa mengi kwa wakati mmoja, upande ule unampotea.

Kuhusu kutapika: hapana, si dalili ya ubongo kuharibika zaidi. Macho yanaona gari linakwenda, linakata kona, linafunga breki, lakini sikio la ndani na mwili vinasema tumekaa palepale. Ubongo ukipokea taarifa mbili zinazogombana, tumbo ndilo hulipa. Huwapata hata vijana wazima, na umri mkubwa, kipandauso au historia ya kuchafukwa ukiwa safarini huongeza uwezekano. Kona za nyuzi 90 kwenye makutano na breki za ghafla ndizo mbaya kuliko zote, barabara iliyonyooka huvumilika. Kwa baba mwenye kiharusi tunaongeza angalizo moja tu: kama kizunguzungu, kutapika au kuona vitu viwili viwili vinamtokea hata nyumbani, daktari aambiwe haraka, hilo si la simuleta tena.

Kosa la wengi ni kumwanzisha mgonjwa moja kwa moja mjini. Mnaporudia, ombeni mpangilio huu. Ale kidogo saa moja au mbili kabla, asiende na njaa wala tumbo lililojaa. Chumba kiwe na ubaridi kidogo na feni impulize usoni. Ajaze dodoso la dalili kabla na baada. Lile linalotumika sana, lililochapishwa mwaka 1993, lina dalili 16 na kila moja hupewa alama 0 hadi 3, hivyo mnaweza kulinganisha siku na siku. Safari ya kwanza iwe dakika 5 za barabara iliyonyooka bila magari, mwendo mmoja, kusimama polepole. Apumzike hadi kichwa kitulie. Kisha mikunjo mipana. Makutano na mizunguko vije mwisho, ikibidi siku nyingine. Kwa siku za mwanzo jumla ya dakika 20 za kuendesha zinatosha. Na asimamishwe mapema: miayo, mate kujaa mdomoni, jasho la kipaji cha uso, kichwa kuwa kizito. Ukisubiri hadi mtu atapike, umeshamfundisha mwili wake kuichukia ile mashine, na siku inayofuata ataanza kuchafukwa akikiona tu kiti.

Dawa za kuzuia kichefuchefu asimeze bila daktari. Nyingi huleta usingizi, na mtapima dawa badala ya kumpima mtu. Miwani nayo isisahauliwe: skrini ikiwa karibu mita moja, miwani ya kuonea mbali haitamfaa, na ya lenzi mchanganyiko hupotosha pembeni, mahali hasa tunapotaka kupima.

Je, mashine inaweza kumwonea mtu? Inaweza, kwa njia tulizotaja. Tena kuna jambo ambalo wapimaji wenyewe hulisahau: namba za simuleta si namba za barabarani. Mwili hausikii mwendo, hivyo watu wengi huenda kasi kuliko wanavyodhani, hasa skrini ikiwa nyembamba. Kinachoaminika ni mwelekeo, kwamba anayekosa zaidi kushoto ndani ya mashine huelekea kukosa zaidi kushoto nje. Faida yake kubwa ni kwamba hali ileile, mtoto yuleyule anayetokea nyuma ya basi lilelile, inaweza kurudiwa wiki baada ya wiki bila mtu kuumia. Barabara halisi haikupi mtihani mmoja mara mbili. Kwa hiyo kufeli simuleta si hukumu ya maisha, na kufaulu simuleta si leseni.

Na mazoezi je? Ushahidi upo, ila usiuziwe miujiza. Jaribio lililofanyika Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 2005 liliwagawa kwa bahati nasibu watu 83 waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza: kundi moja lilifanya mazoezi ya simuleta saa 15 katika wiki 5, jingine likafanya kazi za akili zinazohusiana na udereva kwa muda uleule. Kwenye tathmini rasmi iliyofuata, asilimia 73 ya kundi la simuleta walifaulu na kuruhusiwa kisheria kuendesha tena, dhidi ya asilimia 42 ya kundi la pili. Walipofuatiliwa miaka mitano baadaye, tofauti hiyo ilikuwa imefifia. Na mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio manne yenye watu 245, yaliona ushahidi bado ni mchache kuweza kusema kwa uhakika. Msimamo wetu: saa 15 ni kipimo kizuri cha kujaribu kwa mtu kama baba, mradi mazoezi yalenge upande wa kushoto. Kuzunguka tu mjini ndani ya skrini kwa saa 15 ni burudani ghali.

Kulenga kushoto kunafanywaje? Utepe mwekundu wima hubandikwa ukingo wa mwisho wa skrini ya kushoto. Kanuni ni moja: kila sekunde tatu hadi tano ageuze kichwa hadi auone utepe, kisha arudi mbele. Kichwa, sio macho tu, maana kichwa mtaalamu anaweza kukihesabu. Aseme kwa sauti anachokiona: "kushoto baiskeli, kioo wazi, mbele taa nyekundu." Kusema kwa sauti huchosha na wengi hukuonea aibu, lakini humlazimisha atafute cha kusema upande ule, na humwonyesha mtaalamu papo hapo palipokatika. Mwanzo ni barabara tupu, km 30 kwa saa, vitu vinatokea kushoto pekee na ameshaambiwa hivyo. Hatua ya pili, vinatokea pande zote bila taarifa. Ya tatu, utepe unatolewa. Ya nne, anaendesha huku akisikiliza maelekezo au kujibu maswali, na hapa ndipo wengi huporomoka, kwa kuwa kugeuka kushoto bado kunakula akili yao na akili hiyo sasa imegawanywa. Tunapenda asipande hatua kabla ya kupata kushoto 9 kati ya 10 mara mbili mfululizo. Akibanwa hatua moja kwa vipindi vinne au vitano bila namba kusogea, mtaalamu abadilishe mbinu, kurudia peke yake hakutasaidia.

Kila kipindi kimalizike kwa kumrudishia picha ya safari yake. Tena hapa kuna njia bora ya kumfikia baba kuliko mabishano ya sebuleni. Kukataa kwake huenda siyo ukaidi: kiharusi cha upande wa kulia mara nyingi huondoa pia uwezo wa mtu kutambua upungufu wake. Usimwambie "hukuona." Mwombeni mtaalamu amwonyeshe video, baba ahesabu mwenyewe waendesha baiskeli walio kushoto, kisha alinganishe na hesabu ya kompyuta.

Mdogo wako na usukani wake: hatukatazi, ila ajue unafaa nini. Skrini moja huonyesha kipande chembamba cha mbele, kwa hiyo kichwa hakigeuki, na kugeuza kichwa ndilo zoezi lenyewe. Michezo ya mashindano hufundisha kasi na kugonga bila gharama. Miwani ya uhalisia pepe, ambayo atajaribiwa kuinunua pia, huchafua roho kirahisi kuliko skrini. Usukani wa nyumbani unafaa kwa kuzoea kirungu na kuhamisha mguu kutoka mafuta kwenda breki, dakika 15, kwenye kiti kisicho na magurudumu. Namba zake msizipeleke popote kama ushahidi. Zoezi bora la nyumbani halihitaji umeme: baba akae kiti cha mbele cha abiria, dereva mwingine aendeshe, naye ataje kila kinachotokea kushoto. Wewe nyuma unaweka alama kwa kila kimoja alichokipita.

Mjomba tunamheshimu, lakini uwanja mtupu hupima kile ambacho baba hajapoteza. Kuwasha gari, kunyoosha, kurudi nyuma: hayo yamo mwilini tangu ujana na kiharusi mara nyingi hakiyagusi. Uwanjani hakuna mtoto wa kushoto wala pikipiki inayoovateki. Atafanya vizuri, atarudi na uhakika mpya, na ninyi mtakosa hoja. Isitoshe, akigonga kitu wakati kuna taarifa ya kitabibu inayosema asiendeshe, bima inaweza kugoma kulipa.

Gari la gia za mkono lisahauliwe. Usukani ukiwa kulia, mkono wa kushoto ndio unaobadilisha gia. Ukiwa kushoto, mkono huohuo hubaki peke yake kwenye usukani wakati wa kulia unabadilisha. Kote kuwili mzigo unauangukia mkono mnyonge, na mguu wa kushoto una klachi. Jibu ni gari la gia otomatiki lenye kirungu upande wa kulia wa usukani, karibu na namba 4 ya uso wa saa, kikiwa kimefungwa na fundi anayejua vifaa hivyo ili kisilegee wala kuzuia mfuko wa hewa. Indiketa kama iko kushoto ihamishiwe kulia. Na simuleta ya kurudia iwekwe vilevile: otomatiki, kirungu palepale. Kumpima mtu kwa gari ambalo hataliendesha ni kupoteza siku.

Kabla ya kulipia hata saa moja ya mazoezi, apimwe upeo wa macho. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hudai kwa dereva wa kawaida upeo wa angalau nyuzi 120 kwa ulalo, nyuzi 50 kila upande wa kushoto na kulia, na 20 juu na chini. Nchi yenu ina kiwango chake. Akiwa chini ya kiwango, simuleta haitabadilisha sheria, na bora mjue mapema. Baada ya macho, vipimo vya karatasi: kukata nyota au nukta zilizotapakaa kwenye ukurasa, na kuunganisha namba na herufi kwa kupokezana. Anayezidi dakika tatu kwenye hilo la pili, au kukosea mara tatu, wapimaji wengi humtilia shaka kwenye kugawa akili. Kisha simuleta upya kwa mpangilio tuliousema, kisha mazoezi, halafu barabara.

Barabara ndiyo mwamuzi. Jaribio huchukua dakika 45 hadi 60 kwenye gari lenye seti mbili za pedali: mwalimu kando yake akiwa na breki yake, na mtaalamu wa tiba kwa vitendo nyuma akiandika. Huanza mitaa tulivu na kuishia makutano yenye shughuli. Kinachohesabiwa sana ni mara ngapi mwalimu alilazimika kushika usukani au kukanyaga breki, na upande gani. Watazame pia theluthi ya mwisho, kwa sababu baada ya kiharusi uchovu huja ghafla na upande uliofundishwa kuangaliwa ndio wa kwanza kusahaulika. Majibu si mawili tu. Anaweza kuruhusiwa kwa masharti: otomatiki pekee, mchana pekee, au asiende mbali na nyumbani.

Kuhusu sheria, Uingereza humtaka dereva wa gari dogo asiendeshe angalau mwezi mmoja baada ya kiharusi, Australia wiki nne; wa magari makubwa na ya abiria husubiri zaidi. Kwenu ulizeni mamlaka ya leseni na kampuni ya bima, kwa maandishi. Kama alipata degedege hata mara moja baada ya kiharusi, semeni, maana muda wa kusubiri hubadilika kabisa.

Tusikufiche: sehemu kubwa ya kupona kwenyewe kwa tatizo la kupuuza upande hutokea miezi mitatu ya mwanzo. Mwezi wa saba mazoezi bado yanaweza kumfundisha mbinu ya kugeuka, ila mbinu inachoka kama mwili unavyochoka. Saa 15 zikiisha na kushoto bado ni 5 kati ya 10, hatungempeleka barabarani.

Funguo endelea nazo, lakini acha kuzificha. Mwambie ziko kwako. Katazo lisitoke kinywani mwa mtoto: daktari aliseme mbele ya mama na mjomba, na atoe tarehe ya kurudia, maana "hapana" yenye tarehe humezeka.

Siku ya kurudia beba miwani yote miwili, leseni, orodha ya dawa na saa anazozimeza, na orodha yenu ya mliyoyaona nyumbani. Avae viatu vyenye soli nyembamba vilivyofungwa kisigino, asiende na kandambili. Panga miadi saa anazokuwa na nguvu, kwa wengi ni asubuhi. Baada ya jaribio akae angalau nusu saa kabla ya kuondoka, na atembee kwa kushikwa kama kichwa bado kizito, mtu mwenye mguu uliopata kupooza huanguka kirahisi hapo.